Mama Ratiba, Aliyehesabu Abiria Mara Mbili

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ratiba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu na binti pekee wa wazazi wake. Baba yake alikuwa mkaguzi wa njia, akitembea kilomita kumi na mbili kila siku na kugonga kwa nyundo mataruma yanayolala chini ya reli. Mama yake alikuwa mshonaji. Nyumbani hapakuwa na saa. Familia iliamka kwa treni ya saa kumi na mbili, na watoto walitoka kwenda shule pale behewa la mwisho la treni ya saa kumi na mbili na nusu lilipopotea kwenye kona.

Alianza shule Januari 1957. Alikuwa hodari wa hesabu na mzito wa sindano, jambo lililomsikitisha mama yake hadi mwisho. Alipokuwa darasa la tatu, treni ilikwama mlimani, na watoto wote wa nyumba za reli wakachelewa shule. Mwalimu aliwapanga mstari akauliza sababu. Wenzake waliangalia vidole vya miguu, yeye akasema, "Mwalimu, sisi hatujachelewa. Treni ndiyo imechelewa."

"Basi kaiambie treni," mwalimu akamjibu, na wote wakafagia uwanja. Marehemu alisimulia kisa hicho kila alipopata wa kumsikiliza, na wajukuu zake wanaweza kukisema kwa kupokezana. Alimaliza sekondari mwaka 1968.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kuwa karani wa tiketi katika stesheni ndogo iliyo nyuma ya hospitali, akakaa kwenye dirisha lile lile miaka thelathini na mitano. Wiki ya pili tu alitundika ubao, akachora safu mbili kwa chaki: saa ambayo treni inatakiwa kufika, na saa iliyofika. Mkuu wa stesheni akaona anatiwa aibu, akaamuru ubao ushushwe. Marehemu akaushusha bila ubishi. Kesho yake abiria walipanga foleni dirishani, kila mmoja akiuliza treni ya jana ilifika saa ngapi, mpaka mkuu akaurudisha mwenyewe. Jina la Mama Ratiba lilianzia hapo, kabla hajawa mama wa mtu yeyote.

Ubao huo ndio uliomletea mume. Fundi mmoja wa injini za dizeli alikuja dirishani amefura, akidai injini yake inasingiziwa. "Ilichelewa au haikuchelewa?" marehemu akamuuliza. Fundi akasema ilichelewa, lakini... "Hapa hakuna safu ya lakini," akaambiwa. Siku iliyofuata alirudi bila malalamiko na bila safari. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974 na kujaliwa watoto watatu. Marehemu alipoanza kuzungumzia treni za umeme, mumewe alikuwa akiwaambia wageni, "Mke wangu anataka kunifukuza kazi, na bado ananipakulia chakula." Lakini ni mzee huyo huyo aliyempa hoja yake kubwa. Injini ya dizeli, alimweleza, ikisimama huchukua muda mrefu kurudisha mwendo. Ya umeme huondoka mara moja, kwa hiyo inaweza kusimama vituo vingi na bado ikawahi.

Alistaafu mwaka 2005, na mwaka uliofuata yeye na wenzake watano wakaanzisha Kamati ya Abiria. Walitaka reli ya umeme, tiketi moja ya treni na basi, njia ya viti vya magurudumu hadi jukwaani, na basi linalosubiri treni badala ya kung'oa nanga abiria wakiwa bado wanashuka ngazi. Aliandika barua nyingi. Wizarani walikuwa wakiutambua mwandiko wake kwenye bahasha, na si wote waliofurahi kuuona.

Mwaka 2011 mpango wa treni ya umeme ulitoka. Ulikuwa mpango mzuri, ila treni ingepita stesheni yake bila kusimama, kwa sababu zilichaguliwa tu stesheni zenye abiria zaidi ya mia nane kila asubuhi. Kamati ikaweka watu kwenye malango yote mawili wiki nzima. Wakapata abiria 1,140, wakapeleka hesabu wizarani, stesheni ikaingizwa kwenye orodha, wakashangilia.

Siku mbili kabla ya kikao cha maoni, muuguzi kijana alimsimamisha marehemu langoni. "Mama, mbona mnanihesabu kila siku? Mimi sipandi treni. Nakatiza tu darajani kwenda kazini." Daraja la kuvukia reli lilikuwa ndani ya stesheni, na nusu ya mtaa ililitumia kama njia ya mkato. Walipohesabu upya, watu 380 walikuwa wapita njia. Abiria halisi walikuwa 760.

Katibu wa kamati, kinyozi mwenye duka mkabala na stesheni, alimsihi anyamaze. "Mama, hakuna anayejua ila sisi."

"Kwani sisi si watu?" akamjibu.

Alhamisi tarehe 22 Septemba 2011 alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akasema, "Niliwaletea hesabu ya abiria 1,140. Nilikosea. Ni 760. Futeni ile." Mwenyekiti wa kikao alimshukuru, na stesheni ikakatwa kwenye orodha pale pale. Kinyozi hakumsalimia miezi miwili. Nyumbani, marehemu alilia. Familia inalisema hili kwa sababu wengi walidhani hakuwahi kulia.

Jumatatu alirudi darajani na swali jipya. Kwa miezi minne alimuuliza kila aliyekatiza: unatoka wapi, umekuja na nini, na kwa nini si treni? Kati ya wale 380, watu 311 walikuwa wakiishi kandokando ya reli hiyo hiyo. Walipanda mabasi mawili kila asubuhi, kwa sababu zamu ya hospitali ilianza saa moja na treni ya kwanza ilifika saa moja na dakika ishirini. Hawakuikataa treni, ratiba ndiyo iliyowakataa wao. Februari 2012 alipeleka hesabu hiyo wizarani, safari hii na kinyozi akimbebea madaftari. Mwenyekiti alipouliza kama takwimu zimehakikiwa, mhandisi wa wizara alijibu, "Za mama huyu hatuna wasiwasi nazo. Akikosea anatuambia mwenyewe." Stesheni ikarudishwa, na treni ya kwanza ikapangiwa kufika saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Jumatatu tarehe 6 Mei 2019 yeye na mumewe walipanda treni ya umeme siku ya kwanza. Mzee aliinamisha kichwa kusikiliza sakafu, akanung'unika, "Haina sauti hii. Fundi atajuaje kama inaumwa?" Marehemu alikuwa akiangalia saa yake. Walichelewa dakika mbili. Kesho yake alituma barua moja yenye aya mbili, ya kwanza ya shukrani na ya pili ya malalamiko.

Alianza kusumbuliwa na moyo Novemba 2023. Tarehe 20 Machi 2025 alilazwa katika hospitali ile ile, akaomba kitanda cha dirishani kinachotazama reli. Mkuu wa wodi alikuwa yule muuguzi wa darajani. Jumanne tarehe 8 Aprili, mkono ukiwa umeshindwa kushika kalamu, alimuuliza kama treni ya saa nne imepita.

"Imepita, mama. Kwa wakati."

"Kwa wakati kweli, au kwa wakati wa kunifurahisha?"

Muuguzi akakiri kwamba ilichelewa dakika moja. "Andika," marehemu akamwambia. Alifariki saa nne na dakika kumi na mbili, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, na madaftari thelathini na moja ya saa za treni, yatakayotunzwa na kamati. Mstari wa mwisho katika daftari la mwisho una mwandiko wa muuguzi.

Aliagiza mazishi yaanze saa nane kamili na hotuba ziwe fupi, ili msikose treni ya kurudi. Inafika saa kumi na dakika tano, na inasimama.

Pumzika kwa amani, mama yetu. Treni imeambiwa.