Shule Mpaka Jioni

Kijiwe chetu kiko kati ya kibanda cha kinyozi na ukuta wa shule. Benchi ni moja, linakaa watu watatu. Wa nne akija, anakunywa kahawa wima. Birika ni langu. Siku ya maneno haya, wazazi tulikuwa tumeitwa shuleni kesho yake tunyooshe mikono: watoto wa asubuhi watoke jioni badala ya mchana, ndiyo au hapana? Mkono wangu ulikuwa tayari. Mjukuu wangu, ninayemlea mimi, anasoma kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, na nyumbani hana wa kumsaidia. Herufi mimi nazijua sura, majina yake siyajui.

Akaanza Saa Mbovu, fundi saa ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati.

— Bibi, nyoosha mkono. Akili ya mtoto ni saa ya kutia ufunguo. Ukiizungusha sana, inakwenda sana.

— Na ukizidisha?

— Springi inakatika. Lakini hizo ni saa za bei rahisi.

— Kwa hiyo mjukuu wangu ni wa bei rahisi?

— Sijasema hivyo, Bibi.

— Umesema. Kunywa.

Kinyozi, tunayemwita Kipara kwa sababu tuna macho, akaweka kikombe chini.

— Mimi napinga. Kichwa kikikaa darasani kutwa kinapata joto, na joto linaua nywele. Baadaye nitamnyoa nani?

— Wewe zako zimekwenda wapi, na shule ulitoroka?

— Nilichelewa kutoroka, Bibi.

Waziri akacheka. Huyo hana kazi, ila hakuna wizara asiyoiongoza kutoka kwenye benchi hili.

— Mnafikiri kidogo kidogo. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Basi mtoto achovye elimu kutwa, amalize buyu lote!

— Methali hiyo inakukanya, mwanangu.

— Usinikatishe, Bibi. Jioni yenyewe haitoshi. Walale huko. Wakikua waoane huko, waajiriwe huko, wastaafu huko. Mitaa itakuwa kimya!

— Na kahawa yangu atakunywa nani?

— Sisi.

— Ndiyo maana nanyoosha mkono. Nikiwatazama ninyi watatu, naona faida ya kutoka mchana.

Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake. Alihamia mtaani juzi tu. Kando yake mwanawe, kavaa sare, anasubiri kengele.

— Samahani, Bibi. Mimi mgeni. Huyu wangu ni wa zamu ya mchana. Hao wa asubuhi wakibaki mpaka jioni, wa mchana watakaa wapi?

Madarasa ni yale yale. Wa mchana huyakuta madawati bado yana joto la wa asubuhi. Kengele ya kupokezana tunaisikia kila siku ikilia juu ya vichwa vyetu, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka. Hata mimi.

— Watasogea, akasema Saa Mbovu.

— Haya, sogeeni mama akae.

Wakasogea. Kipara akabana mapaja, Waziri akavuta tumbo ndani, Saa Mbovu akaning'inia nusu nje. Ikapatikana nafasi ya kuweka kikombe.

Kengele ikalia. Mtoto wa yule mama akaingia getini, mjukuu wangu akatoka, kitabu kwapani. Nikampokonya Waziri kikombe.

— Wewe, kusoma unajua?

— Bibi! Swali gani hilo?

— Basi simama, mama akae. Wewe chuchumaa hapo ukutani na huyu mtoto, akusomee. Akikwama, mwambie.

— Na kahawa yangu?

— Baada ya ukurasa. Na kesho, kabla ya kunyoosha mkono, nitauliza swali la huyu mama. Wakinijibu watasogea, mkono utabaki mapajani.

Mjukuu akafungua kitabu, akakwama kwenye neno la kwanza. Waziri akalitazama birika. Nikalifunika.