Pipa Lisilopungua

Savino, weka huo mkasi chini. Weka chini, nimesema, na utepe wako uuache hapohapo ulipo. Umesimama mbele za watu ukajisifu kwamba pipa la babu yako halijapungua hata upana wa kidole tangu tulipomzika, na watu wazima wakakupigia makofi. Huna haya? Umekulia kwenye pango letu la divai, unajua kwamba pipa la mbao hunywa na kutoa jasho kama punda, unajua kwamba lisipoongezewa divai yake hugeuka siki. Sasa niambie, mbele ya hawahawa waliokupigia makofi: ni nani anayeliongezea?

Mheshimiwa Meya, uniwie radhi, nimemkaripia mjukuu wangu kabla sijakusalimu wewe. Baba Padri Teodosio, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu wageni mliotoka mbali kuja kuonja Aglianico, divai yetu nyekundu, wakulima wenzangu wa Ripanera, na nyinyi jamaa zangu mliojibanza safu ya nyuma karibu na sahani za jibini, nawaona, hamjambo nyote. Mimi ni Carmosina, mjane wa Canio. Shule niliionja tu, mama akanitoa nikachume zabibu, kwa hiyo hotuba yangu haina karatasi. Nimeombwa niseme maneno mazuri kabla ghala jipya halijafunguliwa. Maneno mazuri nitayasema, lakini hayatakuja peke yake.

Ghala ni zuri. Lina matangi ya chuma yanayong'aa kama sufuria za bibi harusi, na ubaridi unaojiendesha wenyewe, na sakafu ambayo ningeweza kukandia unga. Nampongeza Savino: ana akili, ana bidii, si mlevi, na mwaka ule wa mvua ya mawe ndiye aliyeiokoa mizabibu yetu wakati binamu zake walikuwa ufukweni wakijianika kama nyanya. Lakini leo, mkishakula na kuondoka, mafundi wataivuta divai yote ya pangoni wailete humu, na kesho watajenga ukuta kwenye mdomo wa pango, ili magari ya wageni yapate pa kusimama. Hapo ndipo tunapogombana, mimi na yeye, tangu Pasaka.

Wageni hamjui, basi sikilizeni. Kwetu sisi, chini ya mlima huu uliowahi kutema moto, mwenye pango akifa, kabla hajatiwa kaburini, mrithi wake huingia pangoni peke yake. Hugonga kila pipa kwa vifundo vya vidole na kuliambia, "Fulani amekufa. Sasa bwana wako ni mimi, fulani." Basi, hakuna wimbo wala ubani. Divai ikishaambiwa hutulia, na marehemu naye, popote alipo, hujua kwamba kazi yake imeshikwa na mtu. Mjane akisema, haisikilizi. Fundi akisema, haisikilizi. Ni mrithi tu.

Canio alikwenda kusema alipokufa baba yake. Nilikuwa nimeolewa majuzi, nikamngoja mlangoni. Alitoka mweupe kama chokaa.

"Imekuwaje?" nikamuuliza.

"Nimesema."

"Halafu?"

"Halafu wewe Carmosina unauliza sana. Nipe mkate."

Hakuniambia zaidi mpaka anakufa, lakini tangu siku hiyo hakulala tena nje ya Ripanera, hata alipofiwa na dada yake kule Potenza.

Na yeye alikufaje? Wakulima wenzangu mnajua. Alikula chakula cha mchana, tambi na pilipili kavu, akalalamikia chumvi, akaketi kwenye kiti chake asinzie kidogo. Ndiyo ilikuwa desturi yake: husinzia mpaka kengele ya alasiri, kisha hukohoa, huchukua ufunguo, hushuka pangoni. Siku ile kengele ikalia, na hakukohoa.

Alikufa usingizini, jamani. Mnanielewa? Hakuna aliyemwambia.

Savino, mrithi wake, akaja kutoka Milano alikokuwa akiishi, na viatu vyake vyembamba. Jeneza lingali sebuleni, nikamtia ufunguo mkononi, nikamwambia, "Nenda ukaseme." Akanijibu, "Bibi, divai haina masikio." Nikamwambia, "Hata wewe huna, na bado nasema nawe." Akacheka, akanibusu, akautia ufunguo mfukoni, tukaenda kanisani. Pango halikuambiwa.

Hata maua ya kaburini hayajanyauka, kengele ya alasiri ikalia, nami niko jikoni natunga pilipili kwenye uzi. Nikasikia kiti kinalia, vile kinavyolia mtu mzito anapoinuka. Sikugeuka. Kisha nikasikia bawaba ya mlango wa pango kule chini, ile ambayo Canio aliapa kila mwaka kuitia mafuta. Nikashuka. Mlango umefungwa kama tulivyouacha. Nikafungua kwa ufunguo wangu mwenyewe nikaingia, na huko ndani kizibo cha pipa la mwisho kimetolewa, kimelazwa upande wa kushoto, sehemu yenye unyevu ikitazama juu. Nani katika nyumba yetu alitumia mkono wa kushoto? Nani alitugombeza miaka yote kwamba kizibo kikilazwa vibaya kinaokota vumbi? Na pale kwenye mwamba ilikuwepo glasi yake, na chini ya glasi tone jekundu ambalo lilikuwa bado halijakauka.

Nikaligonga pipa. Haki hiyo sina, najua, lakini nilikuwa mkewe. Nikasema, "Canio amekufa." Nyuma ya pipa mtu akakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni kile alichokuwa akikohoa kila niliposema jambo asilokubaliana nalo.

Mheshimiwa Meya, unatabasamu. Tabasamu tu, mwanangu. Mama yako mzazi aliniuliza juzi, "Carmosina, mumeo siku hizi ana nini? Tumepishana njia ya pangoni, nimemsalimu hakuitikia." Mama yako anasahau mambo, nakubali, mazishi yenyewe ameyasahau. Ningemjibu nini? Nilimwambia Canio amekuwa mzito wa masikio.

Na hiyo divai ya pangoni iliyomiminwa kwenye glasi zenu, ambayo bado hamjaigusa kwa sababu mnaningoja nimalize, nimeionja. Ikigusa ulimi ni ileile yetu, nyeusi, kali, inayokukaba mdomo kwanza ndipo ikubali kuwa rafiki, ya zabibu tunazochuma kwenye ukungu wakati watu wa mabondeni wameshasahau mavuno. Ukishameza, inakuja ladha nyingine nyuma yake, ladha ya udongo uliofukuliwa jana. Dumu la divai ya kuongezea limejaa, muhuri wake haujavunjwa. Basi Canio anaongezea nini? Anakitoa wapi? Mtu huyo nimemfulia na kumpikia maisha yangu yote, na hilo sitaki kulijua.

Usinikonyeze, Savino, sishuki mpaka nimalize. Umesema ni upuuzi. Kama ni upuuzi, mbona hukanyagi pangoni alasiri? Mbona unamtuma fundi? Na fundi aliporudi mikono mitupu akakuambia, "Mzee amesema nisubiri, bado hajamaliza," ulimuuliza mzee yupi? Hukumuuliza. Uligeuka rangi, ukamwambia aende zake nyumbani. Nilikuwa dirishani.

Huogopi kuchekwa. Unaogopa kwamba ukishasema "bwana wako ni mimi", divai itakusikia na kukushika, na Milano utaitazama kwenye televisheni. Sikudanganyi, itakushika. Ilimshika babu yako, naye alizeeka nami hapa bila kunung'unika, ukiondoa mambo ya chumvi. Lakini huwezi kuitaka divai ya Canio, na jina la Canio kwenye chupa, na picha ya Canio ukutani kwa ajili ya wageni, halafu ukakataa neno moja la kumwachisha kazi.

Maana mkijenga ukuta kesho, mnamjengea yeye ndani. Mtu aliyeingia shambani kabla meno yake hayajamaliza kuota, asiyeijua Jumapili, ambaye mgongo wake ulipinda kama shina la mzabibu, amekufa na bado mnamtumikisha, kisha mnapiga makofi kwamba pipa halipungui! Nina nafasi yangu makaburini, ubavuni pake. Mnataka nikalale karibu na nani, ikiwa mwenyewe yuko kazini? Namtaka mume wangu apumzike. Sijaomba kitu kingine katika sherehe hii, hata kiti cha mbele mlinipa wenyewe.

Mheshimiwa Meya, asante kwa subira yako. Baba Padri, asante kwa kutonikatiza, ingawa nakuona umeikamata rozari kama kamba ya kisima. Ndugu wageni, mmenipa masikio yenu kuliko nilivyopewa na damu yangu, nawashukuru.

Hiyo kengele ya alasiri, mnaisikia?

Savino, kanyaga huo utepe upite. Ufunguo uko mfukoni mwa koti, najua, huwa huutoi. Ingia, uanze na pipa la mlangoni, umalizie na la mwisho, na kila moja uliambie kwa sauti ya mtu mzima, siyo ya kunong'ona. Ukimsikia anakohoa, usikimbie. Mwambie, "Babu, kazi imekwisha, ni mimi." Kisha geuka utoke, na mlango usiufunge nyuma yako.

Na nyinyi wengine, wekeni glasi chini, asinywe mtu mpaka arudi. Simameni. Sogezeni viti pande zote mbili, muache njia ya kutosha watu wawili. Tena ipanueni zaidi hapo kwenye ngazi. Yule wa nyuma hutembea polepole.