Mama Maktaba wa Ngara: Maisha ya Clotilda Privatus (1956–1999)

Marehemu dada yetu Clotilda Privatus alizaliwa tarehe 12 Mei 1956 huko Kirushya, wilayani Ngara, mtoto wa tatu wa Mzee Privatus na Mama Leonsia. Jamani, maswali ya mtoto huyu! Akitumwa migombani kukata majani, alirudi mikono mitupu, akitaka kujua kwa nini mgomba ukishazaa hufa. Katekista alimpitisha Komunyo ya Kwanza mapema ili na yeye apate kupumua.

Alisoma shule ya msingi Kirushya na sekondari Bukoba, kisha akasomea ukutubi Dar es Salaam. Mwaka 1979 aliajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu hukohuko. Aliwafuata wahadhiri hadi ofisini kuwauliza muhula ujao wangefundisha nini, ili vitabu viagizwe mapema. Kuona mwanafunzi akifeli kwa kukosa kitabu kulimuuma kweli.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Mwalimu Frednand Nshoma. Shemeji husema kwamba siku ya posa yeye ndiye aliyehojiwa. Mwalimu alipohamishiwa Ngara mwaka 1992, Clotilda alifungua chumba cha vitabu mjini kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu waliosomea nyumbani.

Wakimbizi walipofurika mwaka 1994, alikuja Niyonzima, kijana wa Burundi ambaye vita vilimkatiza masomo. Sasa alisomea lishe kwa njia ya posta, akiwa kambini.

“Shikamoo, mama. Naomba kitabu cha kura.”

Sisi Wahangaza wa Ngara, na jirani zetu Warundi, kula na kura ndimi zetu hazitofautishi sana. Lakini dada alikuwa amerudi na Kiswahili cha Dar, basi akasikia kura. Akaagiza kitabu chuoni. Kikaja baada ya mwezi, kizuri kweli, kimejaa mambo ya uchaguzi.

Niyonzima alikifungua, akaduwaa. “Mama, mimi nasoma kura ya watoto.”

“Watoto nao wanapiga kura?”

“Hawapigi, mama, wanakura! Uji! Maziwa!”

Dada alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikakatika. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa na mtihani ulikuwa Jumatatu. Kijana akifeli, ufadhili wake ungekwenda kwa mwingine. Basi akadandia lori lililotoka kushusha mahindi ya wakimbizi, akaenda Biharamulo kwa rafiki yake Happyness, muuguzi aliyekuwa na kitabu cha lishe ya watoto. Jumamosi jioni aliingia kambini, vumbi hadi kwenye kope. Jumapili baada ya misa alikaa na Niyonzima, akimuuliza maswali kana kwamba mtihani ni wake yeye. Kijana alifaulu. Tangu hapo, kila aliyeomba kitabu aliambiwa, “Usinitajie jina tu. Nieleze mwalimu wako anataka ujue nini.” Na wahadhiri walio mbali aliwaandikia akiomba muhtasari wa kila kozi, hadi wakamzoea.

Machi 1999 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani. Wodini aliwauliza wauguzi kila dawa inakwenda kufanya nini. Hofu yake kubwa haikuwa kifo, ni mitihani ya Novemba. Alimwagiza binti yake Agripina afungue kabati zote aazimishe vitabu, hata vile visivyoruhusiwa kutoka. Alifariki Jumanne, tarehe 26 Oktoba 1999, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ametuumiza sana.

Ameacha mume, watoto watatu, Agripina, Novatus na Petronila, mama yake mzazi, na sisi wadogo zake.

Kwa desturi, hapa familia humwomba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze. Dada yetu hadaiwi kitu. Yeye ndiye anayewadai ninyi vitabu, na wengine nawaona mmekuja navyo ili mviache kwa Agripina. Tunawashukuru, lakini msiviache. Mtihani ni wiki ijayo. Nendeni navyo mkasome.

Lala salama, Clotilda. Tunakuachia utulivu wa maktaba.