Mama Kasia na Siku Waliyokwama Topeni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani tuliyemzoea kwa jina la Mama Kasia. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua moyo. Kushona alishona, lakini raha yake ilikuwa mtoni.

Mto wetu mnaujua. Bahari ikijaa, nao unajaa. Bahari ikipwa, hubaki tope na majani yenye ladha ya chumvi. Mama Kasia aliponunua mtumbwi, mumewe alimcheka. "Nilimwambia, mke wangu, wewe hata kwenye beseni utazama!" mzee huyo alitusimulia juzi, akicheka huku anafuta machozi.

Sasa, Mama Kasia na mama mkwe wake walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Bibi alimwona mkwewe kiguu na njia. Mkwe naye aliuogopa ulimi wa bibi. Halafu siku moja, bibi akasema, "Nipeleke huko mtoni. Usiniulize kwa nini."

Wakaenda. Maji yakawapwea, mtumbwi ukakaa topeni. Kushuka haiwezekani, kurudi haiwezekani.

"Umenileta huku nife?"

"Mama, ningetaka kukuua, ningekuja na mimi?"

Bibi akaangua kicheko. Kisha akanyoosha kidole kwenye matofali meusi yaliyochomoza katikati ya majani.

"Lile ndilo jiko la mama yangu. Hapo alichemsha maji mpaka yakawa chumvi. Mimi nilizaliwa hapa."

Ndiyo, wasikilizaji, bibi alizaliwa pale. Palikuwa na kijiji cha wapika chumvi, kabla watu hawajahamishwa ili daraja lijengwe. Hata mwanawe wa kumzaa hakuwa na habari.

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Nani aliniuliza?"

Bibi akasimulia mpaka maji yakajaa tena. Walirudi nyumbani mashoga. Tangu hapo, kila Jumamosi Mama Kasia alipakia watu mtumbwini, bibi amekaa mbele, anaonyesha nyumba ya nani ilikuwa wapi. Bibi alipofariki, Mama Kasia aliendelea kusimulia yeye. Hata matusi ya bibi hakuyapunguza!

Mimi nami nilipanda mtumbwi ule. Ndipo nikajua kwamba babu yangu alikuwa mpika chumvi. Nilishuka nina kwetu. Ahsante yake sijui niipeleke wapi.

Binti yake anasema, "Mama alikuwa akituambia, 'Bila lile tope, ningemzika mama mkwe wangu nisimjue.'"

Kwa mume, kwa binti na kwa ukoo mzima: poleni sana. Mlitugawia mtu wenu, nasi tunashukuru.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani kwenu kuna mzee mnayepishana naye mlangoni tu, vuteni kiti mkae naye sasa hivi. Hata redio hii izimeni. Hatutanuna.