Pindo Lisiloisha: Safari ya Fundi Wetu

Usiku wa tarehe 9 Juni 2023, saa tano kasoro robo, sauti moja tu ilisikika kutoka chumba cha mbele, ya mkasi kuanguka sakafuni, na mimi niliyekuja kumuuguza Fundi nikaamka, kwa sababu katika nyumba ile mkasi haukuwahi kuanguka.

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa mtoto wa pili wa mchoma matofali. Alianza darasa la kwanza Januari 1959, akasoma vizuri hadi darasa la tano, wazazi wake wakafariki ndani ya mwaka mmoja, na asubuhi ya tarehe 6 Februari 1963 akarudishwa nyumbani kwa sababu sketi yake ilikuwa imemfupikia, akaambiwa aje na nyingine, na hapakuwa na wa kumshonea nyingine. Hakurudi.

Baadaye alijifunza ushonaji kwa shangazi yake aliyeishi mbali, na mwaka 1970 akafungua chumba chake mkabala na zahanati. Tarehe 22 Agosti 1973 alifunga ndoa na seremala, aliyemtangulia mwaka 2009, na ambaye alipenda kusema kwamba alioa mke mmoja akakuta foleni mlangoni, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, kaka yetu dereva, ambaye hadi darasa la tatu aliamini kwamba sketi za shule huota usiku kama uyoga.

Foleni hiyo ilikuwa sisi, wasichana arobaini na mmoja, wengi wetu yatima. Kila aliposikia kwamba mlezi anataka kumtoa binti shule, Fundi alifika na tepu shingoni, akampima binti mbele ya mlezi, akamshonea sketi yenye pindo pana kama kiganja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, mjomba ameshanitafutia kazi za ndani, begi langu liko mlangoni, Fundi akaligeuza lile pindo, akamwambia, "Shemeji, kitambaa nimeshakata, hiki ni cha miaka minne. Pindo likiisha, njoo tuzungumze."

Mjomba alicheka, akakubali, maana nani atagombana na kitambaa kilichokwisha kukatwa? Kila Januari alikagua, na kila Januari alikuta pindo, kwa sababu kila Desemba nilimpelekea Fundi ile sketi, akalifumua, akaishusha, akaunga kipande kipya kwa ndani. Mjomba yupo hapa, ameniruhusu niseme, na hadi juzi hakuelewa mtoto alirefukaje na pindo lisipungue. Nimemaliza chuo, na pindo bado lipo.

Shuleni walituita Ngazi, kwa ile mistari ya pindo la zamani iliyobaki kwenye kitambaa, tukamlilia Fundi, akatuambia kila mstari ni mwaka uliosomwa, anayecheka naye ahesabu yake. Jambo moja tu alikataa. Binti aliyemwita Mama alikatizwa papo hapo, "Mama yako ana nafasi yake, usimpe mtu. Mimi ni fundi tu."

Oktoba 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, daktari akamshauri apumzike, akajibu kwamba kushona ni kazi ya kukaa. Alifariki njiani kwenda hospitali saa sita kasoro dakika kumi, usiku uleule wa mkasi, akiacha mezani sketi moja ambayo pindo lake halijashikizwa. Jana tulipokezana sindano, kila mmoja mishono yake, na mwenye sketi ameivaa, ameketi mstari wa mbele, kando ya mlezi wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia cherehani, mafundi wenzake, na walimu.

Fundi, ulitukataza miaka yote, tukatii. Leo kila mmoja wetu amemuuliza mama yake moyoni, na hakuna mama aliyekataa. Pumzika kwa amani, Mama.