Kusimama Bila Mikono

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha wagonjwa wa sukari, nitasema mambo kwa mfuatano, ndivyo nilivyozoea. Majina sitataja. Wengine wako humu ndani, watajijua.

Sukari ilinipata miaka minne iliyopita, nikiwa fundi wa pampu kiwandani. Muuguzi alitazama kidonda cha mguu wangu wa kushoto, akasema: "Papa, ni kutembea ao ni kukatwa." Nilinunua daftari la kuandika mazoezi ya kila siku. Sokoni Kikula nilipata kitabu kikuukuu cha mazoezi, cha Kifaransa, nikakisoma na kamusi pembeni. Baada ya mwaka na nusu nilikuwa ninapanda kilima cha nyuma ya mtaa wetu bila kupumzika, na kidonda kimefunga. Mke wangu alitembea nami kila asubuhi. Yeye hakuwa mgonjwa. Alisema anakuja kuhakikisha sidanganyi daftari.

Halafu yeye ndiye aliyekufa. Homa ya siku tano. Mimi mgonjwa nikabaki.

Munajua desturi ya kwetu. Mwanaume aliyefiwa anaketi nyumbani mpaka misa ya siku ya arobaini. Asubuhi ya siku ya nne nilivaa viatu nikafika langoni. Mdogo wa marehemu alinishika mkono.

"Shemeji, weye unaenda wapi?"

"Kutembea. Nitarudi sasa hivi."

"Na viatu vya sport? Dada yangu hajamaliza hata juma moja mu udongo, na weye uko mu sport?"

Mwanamke mmoja akadakia: "Muache aende! Anajitengeneza juu ya mwanamuke mupya."

Waliokuwa wakinywa chai walicheka. Nilivua viatu. Nawaambia ukweli, sikuvivua kwa heshima, nilivivua kwa aibu. Kisha nikaongeza kosa langu mwenyewe: nilifunga daftari. Nilijiambia, kama kilima siwezi, basi hakuna mazoezi.

Niliketi siku kumi na tisa. Chai ilikuja na sukari, na kukataa kikombe cha msibani ni kuwatukana watu, nikanywa. Bukari, ugali wetu, ikaja, nikala palepale. Miguu ikaanza kuwaka moto kama zamani. Waliokuja kunifariji walinitazama ninaoza kwenye kiti, wakasifu kwamba ninaomboleza vizuri.

Siku ya ishirini na tatu mama mkwe alifika kutoka Kakanda. Wakati wa mazishi alikuwa amelazwa. Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala yeye hamsemeshi moja kwa moja. Lakini kumsimamia, kuinuka kwa heshima anapoingia, ni lazima. Nilishika kiti, nikapanda nusu, nikaanguka tena. Wanaume wawili waliniinua kwa makwapa mbele yake.

Aligeukia ukuta, akamwambia binti yangu: "Muulize baba yako, miguu iko wapi?"

Akaendelea, bado anautazama ukuta:

"Mutoto wangu alikuwa ananipigia telefone: mama, leo tumepanda mulima bila kupumuzika. Mutoto mulimuzika bila miye. Sasa munataka tuzike na miguu yenye alitengeneza?"

Shemeji akajaribu: "Mama, kilio iko na sheria."

"Nyamaza! Kilio ni yangu. Kwenye lango asitoke, sawa. Lakini kila muntu mwenye anaingia kulia mutoto wangu, huyu mukwe asimame amusalimie. Bila mikono, asishike kiti. Na chai yake, hapana sukari."

Kesho yake waliingia watu kumi na mmoja. Bila mikono niliweza mara tatu tu, na daftari nililifungua nikaandika tatu. Kufikia misa ya arobaini nilimsimamia kila mgeni, kupanda polepole, kushuka polepole. Hata yule mwanamke aliyedakia. Alisahau kitambaa chake, akarudi, nikamsimamia tena.

Nilipokirudia kilima nilipumzika mara tatu. Mwezi uliofuata, mara moja. Kasi ilikuwa imepotea, magoti yalibaki na nguvu, kidonda hakikufunguka. Ninachowaambia ni hiki: ukilazimika kuacha mazoezi, kwa msiba, kwa mvua, kwa kuvunjika mkono, usiache yote. Fanya kile ambacho chumba kinakuruhusu. Hakitakupandisha, lakini kitakushikilia hapo ulipo.

Ninamshukuru mama mkwe, ambaye mpaka leo hatujatazamana usoni. Ninamshukuru binti yangu kwa chai chungu. Uchungu mwingine haujaniishia. Kilima ninapanda peke yangu, na hakuna wa kuhakikisha sidanganyi daftari.

Aliyenishika mkono langoni, sukari imempata mwaka huu. Nilimkuta ameketi mlangoni leo, anaficha kadi ya dispansari. Nilisema sitataja majina, na sitaji.

Sasa tusimame kwa sala. Mikono kifuani, ndugu zangu, viti muviache. Polepole.

Na weye, shemeji. Nakungojea.