Waombea Umoja Wawili, na Mimi Katikati

Kwenye basi nilijikuta nimekaa katikati ya mawifi wawili waliovaa sare moja ya maombi ya kuombea taifa umoja. Tangu uchaguzi hawasemezani, kwa hiyo maneno yote yalipitia kwangu.

"Dada, mwambie huyo leo mimi ndiye ninayeombea amani," alisema wa dirishani.

"Mwambie aombe, ila asimpelekee Mungu umbea kwamba tuliiba kura."

Niliufikisha ujumbe, ingawa masikio yao yalikuwa mazima kuliko yangu.

Basi liliposimama kanisani, nikashusha pumzi. Wa dirishani akanidaka mkono. "Unashuka na sisi. Wakati wa kuombea umoja tunashikana mikono, na huyo mimi simshiki."

"Mwambie hapo amesema kweli," akajibu wifi yake, akanishika mkono wa pili.